Cherehani Isiwe Rehani

Jumapili hadi Jumapili vijana wanaambiwa: acheni kuchagua kazi, jiajirini, Mungu hapendi mvivu. Sisi tunaoandaa watumishi wa kesho tunasema mahubiri hayo yana upungufu mkubwa. Kijana aliyefungua banda la kushonea nguo ameshaacha uvivu, kama aliwahi kuwa nao. Kinachommaliza ni mkopo.

Benki inamtaka hati ya nyumba, naye amepanga chumba. Mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotokana na asilimia 4 ya mapato ya ndani waliyotengewa vijana, unataka kikundi, katiba na subira ambayo mwenye kudaiwa kodi ya fremu hana. Basi anakwenda kwa wale wanaoitwa mtaani kausha damu. Anapewa shilingi 100,000 asubuhi hiyo hiyo, arudishe 130,000 kabla mwezi haujaisha. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hapa ni asilimia 30, na mara nyingi mkopeshaji hana hata leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mvua ikinyesha wiki mbili na wateja wakapotea, cherehani inabebwa. Tuelewane: inabebwa mashine ile ile ambayo ingelipa deni.

Torati ililiona jambo hili. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza mtu kuwekewa rehani jiwe lake la kusagia, kwa kuwa hapo umeshika uhai wake. Sheria hiyo haimwambii mdaiwa asali zaidi wala apange bajeti. Inamzuia mdai. Ndipo tunapoachana na wahubiri wa ujasiriamali, ambao katika semina zao (nyingine zina kiingilio!) anayesemwa ni kijana peke yake.

Walutheri nasi tukumbushane kwamba mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji wahubiri dhidi ya riba, akataka mla riba asiyetubu anyimwe ondoleo la dhambi, Meza ya Bwana, hata maziko ya Kikristo. Leo mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mgeni rasmi kwenye harambee ya kupaua kanisa, akapigiwa vigelegele, huku mwenye cherehani ameketi benchi la nyuma, au ameacha kuja kwa aibu.

Tutaambiwa kwamba bila wakopeshaji hao vijana wangekosa hata hicho kidogo. Ni kweli kwamba wanatoa fedha haraka. Lakini usharika unaokusanya fedha kwa mnada wa mbuzi na ndizi baada ya ibada unaweza pia kutenga mfuko wa kuwakopesha bila riba vijana uliowapa kipaimara wenyewe, ukasimamiwa na wazee wanaowajua kwa majina na kwa wazazi wao. Na kabla ya kupokea bahasha ya mgeni rasmi, baraza la wazee limuulize: stoo kwako kuna cherehani ya nani?