Moyo wa Farao na Ziwa Letu



Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Wengi wetu humsoma Farao wa kitabu cha Kutoka kwa fikira hiyo, kisha tunauliza: ikiwa Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu, haki iko wapi katika kumwadhibu?

Hebu tukisome kitabu hicho taratibu. Vyura walipoijaza nchi, Farao aliomba aombewe. Walipokufa akaona nafuu, na papo hapo akaufanya moyo wake mgumu. Ikawa vivyo hivyo kwa mainzi. Ni kweli kwamba Mungu alikwisha kumwonya Musa mapema. Lakini katika masimulizi ya mapigo yenyewe, ni kwenye pigo la sita, lile la majipu, ndipo tunapoambiwa kuwa Bwana aliufanya mgumu moyo huo. Basi sikio hilo halikuzaliwa limekufa. Liliuawa kidogo kidogo, na kilichoshangaza zaidi ni kwamba liliuawa na nafuu.

Sisi wakazi wa Mwanza tunaijua nafuu ya namna hiyo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika bandarini kwetu. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake, na mamia ya watu walipotea. Makaburi ya Igoma ni ushahidi. Tulilia, tukaapa kwamba haitatokea tena. Kisha vyombo vingine vikajaza na kufika salama, na kila safari iliyofika salama ikatufundisha kwamba onyo ni maneno matupu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220, na wengi wao walikuwa wakitoka gulioni Bugolora.

Je, hao waliadhibiwa? Hasha! Katika Injili ya Luka sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Aliwageukia waliokuwa hai akawataka watubu. Huko Misri nako, msiba wa ukaidi wa mfalme uliingia hata katika nyumba ya kijakazi aliyesaga nafaka, ambaye hakuwa na neno katika amri za jumba la kifalme.

Kwa hiyo tunaposema matangani kwamba kazi ya Mungu haina makosa, tuseme kwa hofu. Maneno hayo ni faraja kwa mfiwa; yasiwe kichaka cha kujifichia aliyepokea nauli ya mtu wa ziada.

Nawe mzazi, siku utakapofika gatini na mwanao mkononi, ukakuta chombo kimejaa, rudi nyuma usubiri kingine. Mwanao atanung'unika, majirani watakucheka. Lakini atakuwa amejifunza kwako kwamba moyo hulainika kabla ya pigo, si baada yake.