Injini ya Pili Haiusogezi Mlima

Kila itokeapo ajali ya ndege ndogo, husikika kilio kile kile: ndege zenye injini moja zipigwe marufuku kubeba abiria. Kilio hicho chatokana na uchungu, nasi hatukidharau. Hata hivyo, kabla ya kukitii yafaa tutazame yaliyowapata Wamarekani.

Kwa miaka mingi, sheria zao za ndege za kukodi ziliruhusu ndege ya injini moja kubeba abiria mradi rubani aone njia kwa macho yake. Kupenya mawinguni kwa kutegemea mitambo, kwa jumla, kulikatazwa. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: injini ikizima ndani ya wingu, rubani hajui atatua wapi. Nani angeipinga?

Lakini kule Alaska, ambako vijiji vingi havina barabara na ndege ndiyo matatu ya wanakijiji, mawingu hayakungoja sheria. Yaliposhuka, marubani nao walishuka, wakapita chini chini mabondeni wakitafuta upenyo. Wako waliougonga mlima ilhali injini yanguruma bila kasoro. Kanuni iliyotungwa kumlinda abiria ikawa inamsukuma hatarini. (Walimu wanaosahihisha mitihani watatuelewa: swali likiwa na kosa, hata jibu la mwanafunzi hodari halifai kitu.)

Mnamo 1997 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliibadilisha kanuni hiyo, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika. Ndege ya injini moja ikaruhusiwa kuingia mawinguni na abiria, ila kwa masharti makali. Ni lazima iwe na vyanzo viwili vya umeme, au akiba inayoweza kuendesha vyombo muhimu kwa muda usiopungua saa moja. Vifaa vinavyomwonyesha rubani jinsi ndege ilivyolala visitegemee nguvu ya chanzo kimoja. Hali ya injini nayo ifuatiliwe daima, hata kwa kuipima oili yake. Mnamo 2005 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nalo lilifungua mlango kama huo, kwa ndege za injini ya tabo.

Ndege za namna hiyo twaziona kila siku katika uwanja wa Wilson. Juni 2018, mojawapo iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo wakafariki. Je, injini ya pili ingeusogeza mlima ule?

Kwa hivyo wanaosimamia anga yetu wasituhesabie injini tu. Watuambie rubani alipimwa lini mara ya mwisho katika kuruka mawinguni, ni kimo gani kilichopangwa cha kuvukia milima, na ni nani aliyeikagua injini kabla abiria hawajafunga mikanda.