Huruma haifundishi kusoma

KIBARAZANI na Rehema Mashaka

Wiki hii nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi viziwi. Mwalimu wa kitengo amehamishwa. Mwalimu mkuu akamtambulisha wa kushika nafasi yake, kijana wa Maarifa ya Jamii aliyeajiriwa karibuni. "Huyu ana huruma sana na watoto," akasema. Wazazi wakapiga makofi.

Mama mmoja hakupiga. Akainuka: "Lugha ya alama anaijua?"

"Atajifunza humo humo kwa watoto."

Hasira iliyonipanda mpaka sasa haijashuka. Watoto wameletwa shule wafundishwe, wanapewa kazi ya kumfundisha mwalimu! Nani kati yetu hupanda basi kwa kuwa dereva anawahurumia abiria?

Ualimu wa elimu maalumu ni taaluma yenye chuo chake. Patandi, kule Arumeru, huandaliwa walimu wa viziwi, wa wasioona na wa watoto wenye ulemavu wa akili, na kila kundi lina ufundi wake. Lugha ya alama ina sarufi yake yenyewe. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Mwalimu wa nukta nundu anayetumia bamba hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Hayo hayaji kwa moyo mwema. Hukaliwa darasani, yakafanyiwa mazoezi na mtihani.

Jirani ninayekunywa naye kahawa, mbishi kweli kweli, kanijibu kuwa mwalimu yeyote ni nafuu kuliko kukosa. Safari hii simwachii hata funda. Mtoto kiziwi akikaa miaka mbele ya mtu wasiyeelewana naye, anamaliza shule hajui kusoma, kisha lawama inatupiwa masikio yake.

Vyuo vipo, hata Kenya wana KISE, taasisi yao ya elimu maalumu, tangu 1986. Kinachotuangusha ni ofisi zinazopanga walimu bila kutazama vyeti.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu. Afisa anayempelekea mwalimu asiyejua lugha yake anamnyang'anya haki hiyo kwa saini. Wazazi, nendeni ofisini kwake mkamwambie hivyo, na msiondoke bila jina la mwalimu aliyesomea kazi hii.