Dohani Si Ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya kweli, lakini hapa Kampala imegeuzwa kuwa kibali cha kuziba kila tundu linaloonekana ukutani. Nyumba ya zamani ikinunuliwa au ikirithiwa, fundi huitwa, na mara nyingi agizo la kwanza ni lile lile: "Ziba hapo!" Hapo ni kwenye meko ya kuotea moto, chini ya dohani, yaani bomba la matofali linalopitisha moshi hadi juu ya paa. Kabla ya jua kuzama, tundu limejazwa matofali, lipu imepigwa, rangi imepakwa, na mwenye nyumba amepata ukuta wa kuwekea televisheni. Ninasema wazi kwamba kazi hiyo, kwa namna inavyofanywa, ni hatari. Tena anayeumia si aliyeagiza bali mpangaji, na wapangaji wengi ni sisi wanafunzi.

Dohani hizo zililetwa na Waingereza. Maofisa wa kikoloni walipojengewa nyumba Entebbe, Nakasero na Kololo, walikuja na mazoea ya kwao, na Kampala, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa mvua unaomfanya mtu autamani moto. Leo meko hayo hayawashwi tena. Wanaoyaziba wana hoja tatu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba hatuoti moto, basi dohani ya nini? Jibu ni kwamba dohani hufanya kazi hata bila moto. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea juu, na hewa mpya huingia chini ya mlango kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo nyumba hupumua usiku na mchana bila kudai hata shilingi. Ukarabati wetu huikata pumzi hiyo mara mbili. Meko yakishazibwa, madirisha ya zamani yenye matundu ya hewa juu yake hung'olewa, na mahali pake huwekwa vioo vya kuteleza visivyo na tundu lolote. Kisha sebule hugawanywa vyumba vitatu, na kila chumba hupata mpangaji mwenye sigiri.

Hapo ndipo kifo kinapobisha hodi. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu hudhani ni malaria au uchovu wa mitihani, akajifunika blanketi na kulala. Wengine hawaamki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020.

Wapo watakaosema mwanafunzi apike kwa gesi au umeme, au apikie nje. Nakubali kwamba sigiri haifai kuwashwa chumbani, hata chumba kiwe na dohani. Lakini mtungi wa gesi hulipiwa kwa mkupuo, wakati makaa hununuliwa kidogo kidogo kwa fedha za siku. Maharagwe huchukua saa nyingi motoni, mvua ya Aprili haingoji yaive, na sigiri ikiachwa uani huenda usiikute. Mwenye nyumba anayajua hayo yote. Kujua kwamba watu watapika ndani, kisha kuziba kila njia ya hewa, si uzembe mdogo.

Hoja ya pili ni popo, ndege na mvua. Hilo ni tatizo la kweli, lakini dawa yake si saruji. Juu ya dohani huwekwa kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia viumbe. Chini, tundu likijazwa, huachwa kipenyo chenye matundu ili hewa ipite. Fundi akiziba kote kabisa, unyevu hunaswa ndani ya bomba, na baada ya misimu michache ukuta uliopakwa rangi nzuri huota madoa na ukungu. Kisha mwenye nyumba hulaumu rangi.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: meko yanakula nafasi, na nafasi ni kodi. Hoja hii angalau ni ya kweli, maana inataja kinachotafutwa. Lakini kipenyo cha hewa hakimpunguzii mtu hata kitanda kimoja. Kinachokosekana si nafasi, ni kujali.

Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013. Sheria hiyo haitatusaidia iwapo ukaguzi unaishia kwenye majengo mapya na kuzisahau nyumba kuukuu zinazokatwakatwa vyumba kimyakimya. Wahadhiri wetu mnaofundisha ujenzi, wafundisheni vijana kuziba kwa akili. Chuo kinachowaelekeza wanafunzi kwenye hosteli kikague matundu ya hewa kama kinavyokagua vyoo.

Nanyi wanafunzi wenzangu, tukienda kutafuta chumba huwa tunauliza bei, maji na intaneti. Tuongeze swali moja kabla ya kutoa fedha: hewa inatokea wapi? Mwenye nyumba akionyesha mlango tu, tusichukue chumba hicho.