Fizikia Ianze Mikononi

Nina neno juu ya somo la Fizikia. Neno lenyewe ni hili: kila mwanafunzi wa shule hii yafaa ashike vitu na kuvizungusha kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajaruhusiwa kuchagua kuendelea na somo hilo au kuliacha. Najua wapo watakaonipinga, nami nitawajibu.

Kila mwaka wenzetu wengi wakifika Kidato cha Tatu huiacha Fizikia. Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba somo hilo ni la watu wenye vichwa vya namna ya pekee. Mimi sikubali. Wengi wao hawakupata kuiona Fizikia yenyewe. Waliona kanuni ubaoni, tena kwa Kiingereza, wakazikariri hata siku ya mtihani, kisha wakazisahau. Mtu hawezi kusema hapendi chakula ambacho hakukionja. Na hasara yao si ndogo, kwani aiachaye Fizikia leo amejifungia mwenyewe mlango wa uhandisi.

Natoa mfano wa vitu vinavyozunguka. Jambo hili hufunzwa kwa kina katika Kidato cha Tano, lakini msingi wake hata mtoto wa darasa la saba aweza kuufahamu. Kitu kilichotulia hukataa kusukumwa, na kilicho katika mwendo hukataa kusimamishwa. Ukaidi huo waitwa inesha. Kitu kikienda mbele tu, ukaidi wake hutegemea tungamo yake. Lakini kikizunguka, hutegemea pia mahali tungamo hiyo ilipo: ikiwa mbali na mhimili, ukaidi wazidi. Tena wazidi sana, kwa maana umbali ukiwa mara mbili, ukaidi huwa mara nne. Kilo 1 iliyo sentimita 20 kutoka mhimili ni kaidi sawa na kilo 4 zilizo sentimita 10. Aliyeupa ukaidi huu wa mzunguko jina lake la kitaalamu ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika nchi ya Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1765.

Sasa mtazame fundi anayeshona kwa cherehani ya miguu. Katika kila mzunguko kuna mahali ambapo mguu wake hauwezi kulizungusha gurudumu hata akikanyaga kwa nguvu. Hata hivyo cherehani haikwami. Kwa nini? Kwa sababu gurudumu lake la chuma limewekwa uzito pembeni, mbali na mhimili, na ukaidi wake hulivusha mahali hapo. Fundi ayajua haya kwa mguu wake. Sisi twayasoma kitabuni na hatuyajui.

Au chukueni makopo mawili kutoka jikoni. Moja lijazeni saruji, mliache likauke. La pili liondoeni vifuniko vyote viwili, libaki ganda tupu. Wekeni ubao wa mita 2, upande mmoja uinuliwe sentimita 20, kisha yaachieni makopo kwa pamoja yabingirike. Waulizeni wenzenu kabla: lipi litatangulia? Mabishano yatakuwa makubwa. Kopo la saruji likifika mwisho, lile tupu litakuwa nyuma yake kwa karibu nusu mita. Wengi watasema limeshinda kwa sababu ni zito. Basi lileteni kopo dogo la saruji lishindane na lile kubwa la saruji: yatafika pamoja, au karibu sana. Kumbe si uzito, bali mahali uzito ulipo. Katika kopo tupu uzito wote uko pembeni, kwa hiyo nusu ya nishati yake huliwa na kuzunguka, na nusu ndiyo ibakiyo kwa kwenda mbele. Katika kopo la saruji, kuzunguka huchukua theluthi moja tu.

Mwanafunzi aliyeyaona hayo na kuyabishania, kanuni ikija ubaoni ataipokea kama jibu la swali lake mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba vifaa ni ghali. Makopo mawili, ubao na saruji konzi chache si ghali. Penye nia pana njia. Wengine watasema hakuna wakati, kwa kuwa mtihani wa taifa hautuulizi habari za makopo. Hoja hii ina uzito, kwani walimu wetu wana vipindi vingi na muhtasari ni mrefu. Lakini wakati tunaoutumia kukariri tusichokielewa, na kukikariri tena baada ya kukisahau, ni mrefu kuliko saa moja ya kukiona.

Kwa hiyo naleta ombi. Maabara ifunguliwe Jumamosi moja katika kila wiki mbili, saa tisa hadi saa kumi alasiri, kwa ajili ya Kidato cha Pili ambao bado hawajachagua masomo. Sisi wa Kidato cha Nne tuwe wasaidizi, ili mwalimu asielemewe, nasi tutafaidika, maana afundishaye hujifunza mara mbili. Wazazi wetu nao, aliye na gurudumu bovu la baiskeli au cherehani iliyokufa, asiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, alete shuleni. Baada ya hapo, atakayetaka kuiacha Fizikia na aiache kwa amani, maana atakuwa anakiacha kitu anachokijua.