Anayejitoa Mbioni kwa Jeraha Asizomewe

Mwaka jana, katika uwanja wa shule huku kwetu Msambweni, nilifanya kosa ambalo sitaki msomaji yeyote alirudie. Wasichana walikuwa wakikimbia mita 3,000, wengi wao miguu mitupu, na jua la saa nane linachoma. Binti wa jirani yangu alikuwa wa pili. Ilipobaki mizunguko miwili alisimama ghafla karibu na kibendera, akainama, akaweka kidole kimoja juu ya muundi wa mguu wa kulia, mahali padogo kama sarafu ya shilingi. Alipobonyeza, uso ulimkunjika. Uwanja mzima ukampigia kelele: "Maliza! Maliza!" Nami, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa miongoni mwao.

Akamaliza. Alichechemea mizunguko yote miwili, akafika wa mwisho, tukampigia makofi kuliko aliyeshinda. Siku tatu baadaye picha ya eksirei ilionyesha ufa katika mfupa ule, akafungwa plasta. Ufa huenda ulikuwapo tangu mazoezini, lakini sisi ndio tuliomhimiza akimbie juu yake.

Kelele ile tulijifunza wapi? Nadhani tuliipata katika hadithi tuliyosimuliwa nusu. Nani asiyemjua John Stephen Akhwari wa Tanzania? Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akasema kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, si kuanza tu. Ni heshima kubwa, nami simpunguzii hata chembe.

Lakini siku hiyo hiyo, katika mbio hizo hizo, alikuwapo Abebe Bikila wa Ethiopia. Huyu ndiye aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, kisha akashinda tena Tokyo mwaka 1964, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Pale Mexico alianza akiwa na jeraha la mfupa wa mguu, na alipofika kama kilomita ya 17 akajitoa. Inasimuliwa kwamba alimwambia mwenzake Mamo Wolde aendelee, na Wolde akaichukua dhahabu. Walioanza siku hiyo walikuwa 75, waliomaliza 57. Wanaume 18 walitoka njiani. Je, tutawaita waoga wote? Na Bikila, bingwa mara mbili, tutamwita nani?

Nasema kwa moyo wangu wote: kusimama kwa wakati ni sehemu ya kukimbia. Tumeshuhudia katika marathoni ya Olimpiki ya Paris, tarehe 10 Agosti 2024, Eliud Kipchoge, aliyeshinda Rio na Tokyo, akishikwa na maumivu ya mgongo, akatembea, akajitoa baada ya kilomita 30, akawagawia watu waliomzunguka viatu na soksi zake. Sikusikia mtu hapa Ukunda akimzomea. Basi heshima tuliyompa yule mkubwa, kwa nini tumnyime mtoto wa kidato cha tatu?

Enyi vijana mnaokimbia alfajiri kutoka Diani hadi Tiwi, jueni tofauti ya uchovu na jeraha. Uchovu huenea mguu mzima na hupungua ukipumzika. Jeraha hukaa mahali pamoja, unaweza kulionyesha kwa kidole, na kila hatua hulizidisha. Likikubadilishia mwendo ukaanza kuchechemea, simama hapo hapo. Msimeze vidonge vya kuua maumivu ili mwendelee. Maumivu ndiyo mlinzi wa mfupa, na ukimziba mdomo nani atakuonya? Angalieni pia mnakokimbilia. Maji ya bamvua yakipwa, mchanga wetu hubaki mgumu na tambarare, njia njema kabisa. Yakijaa, mkimbiaji husukumwa juu kwenye mteremko, mguu mmoja ukikanyaga chini kuliko mwenzake, na akienda upande huo huo kila siku goti na kifundo hulipa.

Nanyi wazazi, najua heshima ya mafuta ya nazi na maji moto majumbani mwetu. Hata hivyo, mguu uliovimba leo usikandwe leo. Ufunikeni kwa barafu iliyo ndani ya kitambaa kwa dakika kama 15, mtoto auinue, na asipoweza kuukanyaga mpelekeni hospitali akapigwe picha kabla mkono wa mkandaji haujamgusa. Mfupa wenye ufa ukivutwa huweza kuachana kabisa.

Lakini si mguu peke yake unaouma. Binti yule, kwa wiki kadhaa za plasta, alilia kidogo kwa sababu ya mfupa na sana kwa sababu ya upweke. Wenzake walipita mbele ya nyumba yao kila alfajiri, akisikia vishindo vya miguu barabarani, na hakuna aliyebisha hodi. Mamake aliniambia kwamba mwanawe ameanza kulala hadi saa tatu, na ndoo ya maji imekuwa nzito kwake kuliko plasta. Hapo ndipo mwalimu wa michezo mwenye busara angempa saa ashike muda, au daftari aandike mizunguko ya wenzake. Aliyeumia asitengwe na kundi. Apewe kazi ndani yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi akifungiwa nje ya karakana, ustadi utampotea.

Hata wale wawili wa Mexico hawakuishia pale. Akhwari, goti lilipopona, alikwenda Edinburgh mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Bikila hakupata kukimbia tena. Ajali ya gari ya mwaka 1969 ilimpooza miguu. Mwaka uliofuata akaenda Stoke Mandeville, Uingereza, akashindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hizo nusu za hadithi nazo zisomwe darasani.

Binti alipofunguliwa plasta nilikwenda kwao kumwomba radhi. Alinitazama, akasema, "Hata mimi nilijipigia kelele moyoni, mzee." Tangu hapo, daktari alipomruhusu, huteremka baharini na mamake, kwanza akitembea ndani ya maji yaliyotulia upande huu wa mwamba, maji kiunoni, raba miguuni kwa ajili ya miba. Kisha dakika mbili za kukimbia na mbili za kutembea juu ya mchanga mgumu. Jumamosi iliyopita niliandamana nao. Alikimbia hadi kwenye ngalawa iliyopwelewa, akaukanyaga mguu mara mbili kuupima, akasimama. Mamake alimtupia leso ajifute jasho. Sisi wawili tulinyamaza, tukamngoja mpaka atakapotaka kuanza tena.