Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muuguzi alivua glavu

Mheshimiwa Waziri,

Usiku nilioupitia wodini umenipunguzia maneno ya adabu.

Mdogo wangu alifikishwa katika hospitali moja ya umma huku Pwani saa 2 usiku. Mimba yake ya wiki 14 ilikuwa imetoka, kondo limesalia ndani, na damu inamtoka kwa mabonge. Leso niliyomkunjia mara nne ililowa chapachapa kabla hatujashuka kwenye tuktuk. Muuguzi wa zamu alimpima, akamkazia macho, akauliza, "Umemeza nini?" Mdogo wangu akaapa hajameza kitu. Muuguzi akavua glavu, akaziweka juu ya troli. "Mambo ya kutoa mimba dhamiri yangu hainiruhusu," akasema, akaenda kitanda cha pili kupima presha.

Hakumwita mwenzake. Hakumpigia daktari simu. Tuliachwa hivyo mpaka saa 8 usiku, daktari alipopita wodini. Kufikia hapo presha ilikuwa 70 kwa 40 na damu imekataa kuganda. Kusafishwa hakungetosha tena. Ili asife, walimtoa kizazi. Ana miaka 26, na hatazaa.

Mimi sipingi dhamiri ya mtu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinailinda, na asiyetaka kutoa mimba asilazimishwe. Lakini hii ilikuwa imekwisha kutoka! Aliyekuwa kitandani ni mwanamke anayevuja damu, na Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata Uingereza, sheria ya 1967 inayomruhusu mhudumu kukataa kushiriki haimwondolei wajibu wa kuokoa maisha ya mama. Na lau angekuwa ameitoa mwenyewe, Mheshimiwa? Ndiyo aachwe avuje? Dhamiri ya muuguzi ilibaki safi usiku ule, na mdogo wangu hatazaa.

Mumewe hajui la kumwambia.

Mwaka 2012 Wizara ilitoa mwongozo wa kupunguza maradhi na vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Mwaka uliofuata ikauondoa, na mwaka 2014 ikapiga marufuku mafunzo kwa wahudumu. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba hatua hizo zilivunja Katiba. Kwenye wodi ile sikuona dalili kwamba hukumu hiyo iliwahi kufika. Kila mhudumu ana sheria yake kichwani, wengine wanaogopa polisi, na wanawake wa nchi hii ndio wanaolipa kwa damu, miaka nenda miaka rudi.

Naomba agizo la maandishi kwa kila hospitali ya umma. Mwenye pingamizi la dhamiri alitangaze kwa mkuu wake kabla ya kupangiwa zamu, isiwe mgonjwa ndiye wa kwanza kulisikia. Kila zamu iwe na mtu anayejua kusafisha kizazi na aliye tayari kuifanya kazi hiyo. Na damu inapomwagika, asiwepo wa kukataa.

Mdogo wangu hatazaa, hata ukilitia sahihi agizo hilo leo. Litie sahihi kwa ajili ya atakayeletwa usiku huu.

Dada yake,
Pwani